Mwendo wa Saa Nne kutoka Lango la Maskati

Vijana wa idara, mmenitaka niandike kumbukumbu zangu sasa nimestaafu, na mmeniletea na karatasi ya maswali: nilianza na cheo gani, nikapanda lini, nani aliyenipandisha. Vyeo vyangu vyote vimo ndani ya faili, na faili mnalo nyinyi. Mimi nitaandika habari za miaka yangu ya mwanzo, tangu 1964 mpaka 1970, kwa sababu ndiyo miaka niliyofanya kazi chini ya mtu aliyekwisha kufa. Mtu huyo alinichosha kuliko mabosi wote walio hai waliokuja baada yake, na mabosi nimepata wa kila namna.

Alikuwa Mwingereza, daktari wa meli, na pia mtaalamu wa mawe na visukuku, yaani viumbe vya kale vilivyogeuka mawe. Alipita pwani yetu katika karne ya kumi na tisa, zamani kabla hata babu yangu hajafikiriwa. Jina lake lilikuwa refu na gumu kutamka, kwa hivyo ofisini tulimwita Marehemu. Kila asubuhi swali lilikuwa hilo hilo, Marehemu anasemaje. Na Marehemu alikuwa na maneno mengi sana, isipokuwa lile moja tulilolitaka.

Nilifika Maskati na mama yangu kutoka Unguja, na sanduku moja baina yetu. Yaliyotutoa huko mmeyasikia kwa wazee wenu, sitayarudia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijua Kiingereza cha skuli, nilijua kupiga taipu, na nilikuwa na Kiarabu cha msahafuni ambacho watu wa Matrah, mji wa jirani na Maskati, walikisikiliza kwa adabu kisha wakacheka nikishageuza mgongo. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na duka la vitambaa Matrah, na ndiye aliyesikia kwamba kuna Mzungu anatafuta karani anayejua Kiswahili. Nikadhani ananifanyia maskhara.

Mzungu mwenyewe aliitwa Bwana Ferris. Alikuwa mjiolojia, mrefu, mwekundu wa jua, na magoti yake yalikuwa yakilia kila akiinuka kitini. Alikuwa amefanya kazi Tanganyika miaka kumi na tano, Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kile cha kuwaamrisha wachukuzi, na Kiarabu chake hakikuvuka salamu. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili vya juu karibu na ukuta wa bahari, na kote kulinuka mafuta ya taa na papa mkavu kutoka kwa majirani wa chini. Siku yangu ya kwanza nilivaa kanzu mpya na kofia niliyoikosha jana yake. Bwana Ferris hakunitazama vyeti. Alinipa jiwe la rangi ya kijivu, akasema, "Ramba."

Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya. Akachukua jiwe jingine akaliramba yeye mwenyewe, kwa utulivu kabisa. Baadaye alinifahamisha: jiwe lililotokana na udongo hunata kwenye ulimi, na lililotokana na mchanga hukwaruza meno, na mtu akishazoea hana haja ya kubeba vyombo vingi. Hiyo ndiyo ilikuwa skuli yangu. Ilinichukua mwaka mzima kuweza kuramba jiwe mbele ya watu bila ya kuona haya, na mama hakuzoea kabisa. Jioni ya kwanza nilipomwelezea kazi yangu alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Masoud," akasema mwisho, "nnakuuliza kitu kimoja tu. Nimekusomesha miaka yote ile, ndiyo uje Arabuni kuramba mawe?"

Kazi tulikuwa tunaihitaji kuliko heshima yangu. Wakati ule mtu hakukaa Maskati hivi hivi tu. Karatasi yangu ilisema nimo mjini kwa sababu ya kazi, na karatasi ya mama ilisema yumo kwa sababu yangu. Kazi ikiondoka, zote mbili zinaondoka nayo. Unguja hatukuweza kurudi, na Mombasa tulikuwa na jamaa mmoja mwenye chumba kimoja na watoto saba. Mama alizishona karatasi zetu ndani ya foronya ya mto wake, akawa anazilalia. Yoyote mtakayoyasoma hapa chini, yasomeni mkikumbuka mto huo.

Sasa nimweleze Marehemu, maana nimepiga taipu barua zake na daftari lake la safari mara tatu, na namjua kuliko nilivyowajua wajomba zangu. Alikuwa mtoto wa mtengeneza mishumaa. Alisomea udaktari, akaajiriwa kwenye meli iliyokuwa ikipima pwani na kuchora ramani, na baina ya homa moja na nyengine alishuka nchi kavu akaokota mawe. Jicho alikuwa nalo, hilo simnyimi. Michoro yake ya makombe ya kale, yale magamba ya viumbe vya baharini, ni mizuri hata leo, kila mfuo umo mahali pake, na wakati ule hakukuwa na taa ya maana katika meli. Alitazama mawe meupe ya nyuma ya Maskati, akatazama vijisukuku vyake vya duara vilivyo kama vifungo vya kanzu, akasema mawe haya ni ya zama moja na yale ya Sindi, huko Bara Hindi. Hayo yalikuwa maneno makubwa kwa siku zile. Wakubwa wa elimu huko kwao wakamwambia alete ushahidi, akapeleka kasha zima. Kasha likafika, lakini mende wa melini walikuwa wamekula gundi na karatasi za majina, na hakuna aliyeweza kujua jiwe lipi limetoka wapi. Wakamcheka. Alimaliza maisha yake akitibu maskini katika mji wa viwanda, na kila mwaka akiandika barua kuwaomba watu waende Maskati wakajionee wenyewe. Hakwenda mtu.

Nilipozipiga taipu barua zile mara ya kwanza nilimwonea huruma mpaka nikataka kulia. Mara ya pili nilianza kumkasirikia. Kwa sababu mtu huyu, anayewasihi watu waende wakatazame, maelezo aliyoyaacha ya mahali penyewe ni mstari mmoja na nusu. Tumbo lake lilipomuuma ameandika kurasa mbili. Punda aliyempanda siku hiyo, tabia zake, rangi yake na namna alivyokataa kuvuka maji, ukurasa mzima. Tabaka lenyewe la visukuku, lile ambalo maisha yake yote yalitegemea, ameandika hivi: kutoka lango la Maskati kuelekea kusini, baada ya heshima za kawaida, mwendo wa saa nne kwa punda, chini ya mwamba mweupe. Basi. Kisha anarudi kwa punda.

Bwana Ferris alikuwa akimpenda Marehemu kama mtu anavyompenda babu aliyedhulumiwa. Lakini hakuletwa Maskati kwa mapenzi. Kampuni iliyokuwa ikichimba visima kule ndani ilikuwa ikitoa vipande vya mawe kutoka chini sana, navyo vina visukuku vya namna ile ile, na ilitaka kuvilinganisha na tabaka la Marehemu ili ijue imefika zama gani. Sehemu yetu, yaani Bwana Ferris, mimi na Landrova moja, ilikuwa na kazi hiyo tu. Aliniambia wazi tangu mwezi wa kwanza: siku tutakayolipata, kazi imekwisha, yeye kwao na mimi kwetu. Hakusema kwa ubaya. Alisahau tu kwamba mimi sikuwa na kwetu pa kurudi.

Bwana Ferris alichukua ramani, akakadiria mwendo wa punda kwa saa, akazidisha mara nne, akachora duara kwa kalamu nyekundu. Upande wa kusini wa duara hilo palikuwa vilima vya Al Amerat na nyuma yake. Vilivyo karibu na mji alivipiga mstari wa buluu, maana yake tusipoteze wakati hapo. Alisema kitu kilicho karibu hivyo watu wangekwisha kukiona zamani.

Nyinyi mnakwenda Al Amerat kwa lami, na wengi wenu mmejenga huko. Mimi mwenyewe nakaa huko sasa, na kila siku naviona vile vilima kutoka barazani, na kila siku vinanikera. Miaka mitano tulivipanda. Kwanza uombe barua ya ruhusa ya kutoka mjini, na barua ilikuja ikitaka, isipotaka haikuja. Kisha gari mpaka gari ikome. Kisha punda, kama mwenye punda hajabadili mawazo. Kisha miguu, nikiwa nimebeba mfuko wa turubai, nyundo mbili, dira, na kichupa cha tindikali cha kudondoshea kwenye mawe tuone kama yatatoka povu. Tindikali hiyo imenitobolea kanzu nne. Mawe meusi ya Maskati hayana kisukuku hata kimoja, kwa sababu yametoka chini kabisa ya bahari ambako hakuna kombe wala konokono, na sisi ilitubidi tuyapande hayo kwanza kabla ya kufika kwenye meupe. Meupe nayo tuliyakuta, mengi, na visukuku vyake. Lakini havikuwa vile. Marehemu alikuwa amechora kombe moja dogo, limejipinda upande wa kushoto, lina mifuo mitatu mgongoni, na alisema limejaa mahali pale. Bila ya kombe hilo, tabaka silo. Nililijua kombe lile kuliko uso wangu, na kila Jumatatu tulirudi bila yake.

Bwana Ferris alinifundisha mengi katika miaka hiyo, nami nikawafundisha nyinyi na mkadhani ni yangu. Kusikiliza nyundo, kwa sababu jiwe zima hulia na jiwe bovu hunyamaza. Kutazama kwanza kwa jicho tupu kabla ya kutoa lenzi. Kukaa chini nusu saa mbele ya mwamba bila ya kugusa kitu. Katika mawe alikuwa na subira isiyo na mwisho, na kwa watu hakuwa na subira hata kidogo. Tukipita kijijini na watu wakitutolea mkeka, yeye alipunga mkono, akasema, "Asante, kazi kwanza," akaendelea kutembea. Mimi nilibaki nyuma nikiomba radhi kwa Kiarabu changu cha msahafuni. Nilikuwa nikiona haya, lakini kusema kweli na mimi nilikuwa na haraka, na kwetu Unguja mtu akisema ana haraka watu humwacha apite.

Mwaka wa 1969 ulipoingia, makao makuu wakaandika kwamba wamechoka. Walitupa mpaka mwisho wa mwaka, tupate tusipate, sehemu inafungwa. Nikampelekea mjomba habari hiyo siku ile ile. Yeye akamwandikia mkubwa mmoja kumwombea mama apate karatasi yake mwenyewe kwa dhamana ya kaka yake, na mimi nifuatie. Akaambiwa itachukua miezi, asiulize kila wiki. Mama akaanza kulala vibaya.

Mwezi wa Machi Bwana Ferris alishikwa na homa. Akiwa kitandani alitaka makombe mabichi, ya siku hizi, ya kulinganisha na ya kale, akanituma Qantab, kijiji cha wavuvi kwenye hori ya kusini mwa mji, kwa kuwa wavuvi wa huko walikuwa wakipata namna nyingi. Mashua hazikutoka siku hiyo kwa sababu bahari ilikuwa mbaya. Basi nikaenda na Mzee Hilal, mwenye punda, mtu aliyekuwa akinichosha tangu siku ya kwanza kwa maneno yake mengi na kwa kukataa kwake kufanya jambo lolote upesi. Tulitoka langoni jua limechomoza tu, na nikatazama saa yangu kwa sababu nilitaka kurudi mapema.

Sidab, kijiji cha kwanza njiani, ni hapo karibu kabisa. Mzee Hilal akamsimamisha punda kwenye nyumba ya kwanza, mkeka ukatandikwa, zikaja tende na kahawa. Nikamwambia kwa taratibu kuwa tuna haraka. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba ukipita mlango ambao wenyewe wamekwisha kukuona, basi ama una msiba ama una ugomvi na wenye nyumba, na kwamba yeye hana msiba wala ugomvi. Kisha wakaulizana habari kwa mpango wao, kuna habari gani, hapana habari ila kheri, na baada ya kuthibitisha kwamba hapana habari wakakaa nusu saa wakipeana habari. Mimi nilikuwa sijui kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Kila nilichorudisha kilijazwa. Nilikunywa vikombe tisa.

Nyumba ya pili Sidab, hivyo hivyo. Kijiji cha Haramil, hivyo hivyo, na hapo palikuwa na mtu aliyerudi kutoka Bahraini, kwa hivyo habari zilikuwa ndefu zaidi. Bustan nyumba mbili. Nilipotoka Bustan nilikuwa nimejaa tende, kahawa na hasira. Njia ikaanza kupanda. Mara mshipi wa punda ukalegea, Mzee Hilal akaanza kuushughulikia kwa mwendo wake ule ule, na mimi nikakaa kwenye kivuli cha mwamba nikatazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika tano tangu langoni.

Mkono wangu ulikuwa juu ya jiwe. Nilihisi vinundu vya duara chini ya vidole kabla sijatazama. Nikatazama. Vifungo vya kanzu, mamia, na katikati yao kombe dogo limejipinda upande wa kushoto. Nikahesabu mifuo. Nikainua kichwa, na mwamba uliokuwa ukinipa kivuli ulikuwa mweupe.

Baada ya heshima za kawaida. Nilikuwa nimeyapiga taipu maneno hayo mara tatu nikidhani ni adabu za Kiingereza. Kumbe Marehemu alikuwa mtu wa adabu kweli. Alishuka kwa kila mwenye nyumba aliyemtandikia mkeka, akanywa kila alichopewa, na hakuona haja ya kuieleza kahawa, kwa sababu alidhani kila atakayefuata njia ile atafanya vivyo hivyo. Tulikuwa tumeitafuta njia yake miaka mitano kwa kukataa mikeka. Niliporudi kutoka Qantab nilimwacha Mzee Hilal na ahli zake, nikapita njia ya juu, nyuma ya nyumba, ambako hakuna mlango wa kunitazama. Kutoka mwamba ule mpaka langoni ilinichukua saa moja na dakika kumi.

Niliingia mjini na makombe ya Bwana Ferris mfukoni na jiwe lenye kombe lile ndani ya kanzu. Ngazi za ofisi nilizipanda mbio. Nilipofika mlangoni nikasimama. Nilifikiri: nikisema sasa, leo hii ataandika barua, na barua ikifika huko kazi imekwisha, na karatasi ya mama haijaja. Nikaingia, nikampa makombe, nikamuuliza hali yake. Jiwe nikaenda nalo nyumbani.

Nilijiambia ni mpaka karatasi itoke tu. Na yeye, alipopona, akarudi kwenye duara lake jekundu kwa juhudi zaidi, kwa kuwa miezi ilikuwa inakwisha. Nilimshauri tujaribu huku karibu, akanionyesha mstari wa buluu. Nilimshauri apumzishe magoti, akasema atayapumzisha Januari. Kila Jumatatu nilibeba mfuko nikamfuata kupanda vilima ambavyo nilijua havina kitu. Yeye alitazama mawe, mimi nilimtazama yeye, na jioni nilimkasirikia mama kwa mambo ya chumvi na maji, naye hakuwa na kosa.

Karatasi ya mama ilitoka mwezi wa Oktoba, na yangu wiki iyo hiyo. Mjomba alizileta mwenyewe, mama akafumua foronya, akaswali rakaa mbili. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kusema. Nataka mlifahamu hili vizuri, maana ya kabla yake nadhani Mungu atanielewa. Baada ya siku ile sikuwa na sababu tena ila aibu. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia isiyonionyesha mwongo. Nikasema Jumamosi. Nikasema akimaliza ripoti ya mwezi. Nikasema kesho. Zikapita wiki tatu.

Jumatatu moja ya Novemba tulikuwa nyuma ya Al Amerat. Bwana Ferris alikuwa mbele, mimi nyuma yake hatua kumi na mfuko. Alikanyaga jiwe bovu, goti likakataa, akaanguka kwenye ufa wa mwamba. Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili. Mimi na wenye punda tulimteremsha kwa machela tuliyoifunga kwa kilemba na miti ya turubai, na njia nzima alikuwa akiniomba radhi kwa usumbufu.

Nilikwenda hospitalini Ijumaa. Alikuwa amelala, mguu umening'inizwa, na daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba atapelekwa kwao kwa meli ya Jumapili na hatarudi kazi ya kupanda milima. Nilimpa lile jiwe. Alitia lenzi jichoni, akalitazama muda mrefu sana, akaligeuza, akalitazama tena.

"Wapi?" akauliza.

"Ukishapita Bustan, Bwana, njia ya Qantab. Saa moja na dakika kumi. Saa nne ukikubali kahawa ya kila nyumba."

Aliitoa lenzi jichoni. Kisha akasema taratibu, "Heshima za kawaida," akaanza kucheka, akacheka mpaka muuguzi akaja kumkataza kwa sababu ya mguu. Alifuta machozi. Alisema Marehemu alikuwa na haki miaka yote ile, na kosa lilikuwa la watu wasio na adabu. Akaniuliza kama hawezi kubebwa akaoneshwa, hata kwa mashua, dakika tano tu. Nikaenda kumuuliza daktari. Daktari alikataa.

Niliporudi alikuwa bado amelishika jiwe.

"Umelipata lini, Masoud?"

Maneno niliyoyatayarisha miezi minane yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Jana, Bwana. Alkhamisi."

Akahesabu kwa vidole juu ya shuka. Jumanne, Jumatano, Alkhamisi.

"Kumbe ningekaa nyumbani siku tatu tu," akasema. "Haraka yangu mwenyewe."

Nilimwacha aondoke na hilo. Aliandika ripoti akiwa melini, akaitoa heshima yote kwa Marehemu na kwangu. Wale wa elimu huko kwao wakakubali, na jina la daktari wa meli likasafishwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Pamoja na ripoti aliniandikia barua ya sifa. Ofisi ilipofungwa nilirudi dukani kwa mjomba kupima vitambaa, na mwaka 1970 mambo ya nchi yalipobadilika na serikali ikatafuta watu wanaojua kitu chochote, nilikwenda na barua ile mkononi. Kazi zangu zote mnazoziuliza katika karatasi yenu zimetoka humo.

Bwana Ferris aliniandikia barua kila mwaka mpaka alipokufa. Alitembea kwa magongo, na hakuna mwaka alioacha kujikejeli kwa zile siku tatu alizoshindwa kungoja. Kila barua niliijibu. Mara mbili nilianza kumwambia, nikaichana karatasi.

Katika rejista ya idara, ukurasa wa tabaka la Bustan, imeandikwa kwa mkono wangu kwamba tabaka lilipatikana tena mwezi wa Novemba 1969. Mahali ni sawa na jina ni sawa. Futeni Novemba, andikeni Machi. Na mtu akiwauliza sababu ya kusahihisha, msimwambie kwamba karani alikosea. Mwambieni karani alisema uongo.